MWALIMU HODARI APEWE DARASA LA KWANZA



Reli ya kutoka Tanga ilifika hapa Mombo mwaka 1905, na tangu hapo mji wetu umekuwa njia panda. Wasambaa washukao Lushoto, Wazigua, Wapare na watu wa mashamba ya mkonge wote hukutana hapa, na watoto wao huketi darasa moja. Wengi huingia shuleni wakijua Kiswahili tayari. Hiyo ni nusu ya kazi ya mwalimu. Twasikitika kuona nusu ya pili yalegea.

Michango ya lazima ilipofutwa Januari 2016, watoto walimiminika darasa la kwanza nchini kote. Hilo ni jambo jema, wala hatutaki lirudishwe nyuma. Lakini hata kabla yake, uchunguzi wa Uwezo, ulioanza mwaka 2010, ulikuta watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya darasa la pili. Mtoto wa namna hiyo hupanda madarasa kama mzigo upakiwao garini, na sisi makarani twamwona baadaye dirishani, amekwisha maliza shule, akiomba mtu amsomee barua yake.

Twaona kosa moja liko katika kugawa kazi. Mwalimu hodari hupewa darasa la saba, kwa sababu ya mtihani. Darasa la kwanza huachiwa aliyefika jana. (Wazazi nasi tumo: twahudhuria mahafali kwa shangwe, lakini ni nani kati yetu aliyepata kuingia darasa la kwanza?) Mwalimu mkuu atasema kwamba yeye hupimwa kwa matokeo ya mtihani. Ni kweli. Lakini asiyejua kusoma hatafunzwa mtihani katika miezi michache, hata na bingwa.

Basi yafaa mwalimu hodari aanze na darasa la kwanza, apande nalo mpaka la tatu. Kila siku, wenzao wakinakili, awaite watoto watano mezani, mmoja mmoja, wasome mstari pasipo kuitikiana, naye aandike majina ya waliokwama. Darasa la watoto 80 litamalizika kwa siku 16 za masomo, kisha aanze tena. Kusoma kwa pamoja kwa sauti kuu huficha wengi. Aliye nyuma huimba tu. Mwalimu mkuu naye aketi nyuma ya darasa nusu saa kila juma, bila daftari la makosa, halafu waongee faraghani.

Wanachama walio katika kamati za shule waulize mwanzoni mwa mwaka: darasa la kwanza amepewa nani, na kwa nini yeye?