Tuulizane Wazee Wetu Walifariki kwa Ugonjwa Gani

Mfanyabiashara mdogo anayevusha mahindi au maharage pale Busia anajua kwamba mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 hupita kwa cheti rahisi kinachoonyesha bidhaa ilikotoka. Cheti hicho hukitunza kuliko simu yake. Lakini mwulize baba yake alifariki kwa ugonjwa gani, atakujibu: "Mkojo ulimsumbua, kisha akazidiwa."

Jibu hilo linaweza kumgharimu. Saratani ya tezi dume ni miongoni mwa saratani zinazofuata sana damu ya ukoo. Mwanamume ambaye baba yake au ndugu yake wa damu aliugua, hatari yake ni kama mara mbili ya mwenzake. Wakiwa wagonjwa wawili katika nyumba moja, au aliyeugua akiwa bado hajazeeka, hatari inapanda zaidi.

Wataalamu wanaeleza kwamba sababu mojawapo ni tofauti ndogo ndogo katika jeni tunazorithi. Utafiti mkubwa wa mwaka 2023 ulihesabu tofauti 451 za namna hiyo. Nyingi zake, moja moja, huongeza hatari kidogo mno. Uzito huja zikikusanyika kwa mtu mmoja. Chache zina nguvu peke yake, kama hitilafu katika jeni iitwayo BRCA2, ambayo pia huleta saratani ya matiti. Kwa hiyo mwanamume anaweza kuirithi kwa mama. Anayeuliza habari za upande wa baba tu ameuliza nusu.

Si habari za Ulaya na Marekani pekee. Mwaka 2018 ilichapishwa taarifa ya watafiti waliolinganisha wanaume wa Uganda wenye saratani hii na wasio nayo. Tofauti moja iliyojitokeza wazi, katika kromosomu ya nane, hupatikana kwa watu wenye asili ya Afrika na karibu haipo kabisa kwa Wazungu. Ndiyo maana hesabu za hatari zilizotungwa kwa damu ya Wazungu hazitutoshi, na tafiti zetu bado ni chache mno.

Kurithi jeni si kuhukumiwa kifo, wala si laana ya ukoo. Wengi wenye tofauti hizo hawataugua kamwe. Lakini mwenye historia hiyo asingoje mkojo ukatike. Chama cha Saratani cha Marekani kinashauri wanaume weusi, na wale ambao baba au ndugu yao aliugua kabla ya miaka 65, wazungumze na daktari kuhusu kipimo cha damu cha PSA wakifika miaka 45. Mwenye ndugu wa karibu zaidi ya mmoja, miaka 40.

Ugumu wetu ni kwamba ukoo umetawanyika: mkubwa yuko Kampala, wa pili Kigali, mdogo ana duka Eldoret. Mmoja akigunduliwa, daktari wake hana njia ya kuwafikia wengine, na mgonjwa mwenyewe huona haya. Wizara za afya za Jumuiya zingeweza kuanza na jambo dogo, karatasi anayopewa mgonjwa awapelekee ndugu zake, inayosomeka katika hospitali ya nchi yoyote mwanachama. Mpaka hapo, lipo kundi la WhatsApp la ukoo, lile tunalolikumbuka wakati wa kuchangisha matanga. Swali linaweza kuulizwa humo leo jioni.