Sanduku Limejaa, Kijana Je?

Kila ifikapo Septemba, Mombasa na Lamu hazikosi nyumba inayosomewa dua kwa kijana anayekwenda kusoma Uingereza. Sanduku hujazwa makoti na halua. Wazee humuusia: sala usiache, nguruwe usile, ulevi usiguse. Usia mwema, wala siutii kasoro. Lakini upo mmoja tunaousahau.

Sisi tuliosoma chuoni tulifunzwa kuwa mbele ya maalim mtu huinamisha macho akasikiza. Kumbishia ni utovu wa adabu. Huko aendako kijana, mwalimu huketi na wanafunzi wachache, akatoa hoja, akangojea apingwe. Anayenyamaza huonekana hakusoma. Basi kijana wetu, na heshima zake zote, huhesabiwa mzito.

Mzazi, mzoeshe hapa nyumbani kusema, "Baba, hapo mimi nina rai nyingine." (Wazee wenzangu najua mtanuna.) Kwani Kurani haina sura nzima, ya 58, yenye jina la mwanamke aliyejadiliana na Mtume (S.A.W.) juu ya mumewe, na Mwenyezi Mungu akamsikia?

Na sala zenyewe zina haja ya ulimi. Glasgow mwezi wa Disemba, adhuhuri, alasiri na magharibi huingia zote ndani ya saa 4, katikati ya masomo. Ruhusa ya kutoka kwenda kusali huombwa mapema, kwa kumtazama mwalimu usoni na kumweleza sababu. Aliyezoea kuinama ataiombaje?