Malengo Yanayopimika kwa Vikosi vya Matengenezo ya Maji: Hoja kutoka Mkata na Bonde la Pangani

Mjadala wa umma kuhusu maji nchini Tanzania umezoea kuhesabu kile kinachojengwa, yaani visima vilivyochimbwa, kilomita za bomba zilizolazwa na ujazo wa matenki, na kwa sababu hiyo kazi ya kuhakikisha kwamba vitu hivyo vinaendelea kutoa maji mwaka wa tano na wa kumi baada ya uzinduzi imeachwa bila kipimo kinachoeleweka na wote. Katika mji mdogo wa Mkata, ulio wilayani Handeni kando ya barabara kuu ya Chalinze hadi Segera, na katika vijiji vya upande huo hadi Korogwe, pengo hilo hugusa maisha ya kila siku. Handeni ni nchi ya mvua chache zisizotabirika, na wakazi wake hutegemea malambo, visima na maji yanayosukumwa kutoka mbali. Kila kimoja kati ya vyanzo hivyo kina udhaifu wake, kwani lambo hujaa tope na kukauka kiangazi, pampu ya mkono huchakaa vipuri vyake, na bomba refu hupasuka mahali ambapo pengine hakuna anayepita kwa siku nzima.

Historia ya mradi wa HTM, ambao ni bomba kuu la Handeni, inaonyesha uzito wa jambo hili. Mradi huo ulijengwa miaka ya 1970 ili kuyatoa maji katika mto Pangani wilayani Korogwe na kuyapeleka katika nchi kavu ya Handeni, na kwa muda mrefu umehesabiwa miongoni mwa miradi ya kitaifa ya maji, pamoja na ile ya Makonde, Wanging'ombe, Maswa na Chalinze. Mfumo wa namna hii hauwezi kupumzika: maji ya mto huja na mchanga na tope nyakati za mvua, pampu huhitaji umeme usiokatika, na vali moja iliyokwama inaweza kuwanyima maji watu wa vijiji kadhaa vilivyo mbele yake. Kujenga bomba hilo kulikuwa tendo la mara moja, ilhali kulitunza ni kazi isiyo na siku ya mwisho, na ndiyo maana kuipima ni kugumu zaidi.

Sasa eneo hilo limeingia katika awamu nyingine ya ujenzi. Kupitia mradi wa maji wa miji 28, unaogharimiwa kwa mkopo wa dola za Marekani milioni 500 kutoka Benki ya Exim ya India, na ambao mikataba yake ilitiwa saini Juni 2022, miji ya Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani imewekwa katika kundi moja linalotegemea chanzo cha mto Pangani. Fedha nyingi kiasi hicho hukopwa mara chache katika umri wa kizazi kimoja, na deni lake litalipwa na watu ambao baadhi yao bado ni watoto wa shule; kwa hiyo ni haki yao kuuliza, tangu mapema, kikosi kitakachokabidhiwa mitambo hiyo kitawajibika kwa jambo gani hasa, na jambo hilo litajulikanaje kuwa limetimizwa.

Lengo linalopimika, kwa maana inayotumika hapa, ni ahadi yenye kizio cha kuhesabia, hali ya kuanzia inayojulikana, muda wa mwisho, chanzo cha takwimu kinachoweza kukaguliwa na mtu mwingine, na mhusika mwenye uwezo wa kuitimiza. Kauli kama “kuboresha huduma ya maji” au “kuimarisha matengenezo”, ambazo hujaa katika mipango ya kazi ya ofisi nyingi, hazina hata moja kati ya sifa hizo, na kwa hiyo haziwezi kuvunjwa wala kutimizwa. Hata hivyo, kosa la kinyume chake ni baya vilevile, nalo ni kuchagua kizio kwa sababu tu ni rahisi kukihesabu.

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilijaribu kuweka kizio cha haki: kila mkazi wa kijijini apate lita 25 za maji safi kwa siku, katika kituo kisichozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Kipimo hicho kiliweka hadhi ya mwananchi mbele, lakini kilipogeuzwa kuwa takwimu za utekelezaji kilisomwa kwa upande wa ujenzi peke yake, kwa kuzidisha idadi ya vituo vilivyopo kwa watu 250 na kupata asilimia ya wanaohudumiwa. Sensa ya vituo vya maji vijijini, iliyofanywa mwanzoni mwa muongo wa 2010 na kufikia vituo zaidi ya 70,000, ilionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja havikuwa vikifanya kazi. Mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, ulioanza mwaka 2013 na kuiweka sekta ya maji miongoni mwa sekta zake sita, ulileta nidhamu ya kufuatilia takwimu kwa karibu, lakini shinikizo lake kubwa lilielekea kwenye kuongeza vituo vipya, kwa kuwa kituo kipya huonekana na hupigwa picha, wakati kituo cha zamani ambacho hakikuharibika hakimpi kiongozi yeyote hotuba.

Mabadiliko yaliyofuata yalielekea mahali sahihi zaidi. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 iliunda RUWASA, wakala wa maji vijijini, na kuvipa vyombo vya watoa huduma ngazi ya jamii, maarufu kwa kifupi cha CBWSO, jukumu la kuendesha miradi ambayo awali iliachwa mikononi mwa kamati za kujitolea. Mpango wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2018, wa dola milioni 350 kwa maji na usafi vijijini, uliweka malipo baada ya matokeo kuhakikiwa, na miongoni mwa matokeo hayo ni vituo kuendelea kutoa maji. Hatua hiyo ni kubwa. Kilichobaki ni kuiteremsha hadi kwa fundi, kwa sababu asilimia ya taifa haimwelezi mtu mwenye spana mkononi afanye nini Jumatatu asubuhi.

Kipimo kinachofaa kuwa cha kwanza kwa kikosi cha matengenezo ni muda ambao watu walikaa bila maji, ukihesabiwa kuanzia mwananchi alipotoa taarifa hadi maji yaliporudi bombani. Mahali pa kuanzia kuhesabu ndipo penye mgogoro, na ndipo pa kuwekewa mkazo. Saa zikianza kuhesabiwa siku fundi alipopewa gari, au siku kipuri kilipofika, ofisi yoyote inaweza kuonyesha kwamba matengenezo yake huchukua saa 4, na kauli hiyo ikawa kweli tupu, huku mama wa kijiji kile akiwa amebeba ndoo kutoka lamboni kwa wiki 3. Kwa viwango vya sera yenyewe, kituo kimoja kinapokufa kwa siku moja, watu 250 hukosa lita 6,250. Hasara hiyo haijali kama ucheleweshaji ulitokea karakana, kwenye dawati la manunuzi au kwenye simu isiyopokelewa.

Uwezekano wa kupima hivyo ulithibitishwa huko Kyuso, katika kaunti ya Kitui nchini Kenya, eneo kavu linalofanana na Handeni kwa mambo mengi. Mwanzoni mwa muongo wa 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga vifaa vidogo katika mipini ya pampu za mkono, vifaa ambavyo vilihisi mwendo wa mpini na kutuma taarifa kwa mtandao wa simu, hivyo kwamba pampu iliyonyamaza ilijulikana bila kungoja mtu asafiri kwenda kulalamika, na fundi alitumwa mara moja. Wastani wa muda wa kukaa bila huduma baada ya pampu kuharibika ulishuka kutoka siku 27 hadi chini ya siku 3. Kutokana na jaribio hilo ilizaliwa kampuni ya FundiFix, ambayo ilienea hadi Kwale na kuwaahidi wateja wake muda maalumu wa kutengenezewa. La kuzingatiwa zaidi kuliko kile kifaa ni kwamba takwimu ya siku 27 ilikuwapo kabla ya lengo kuwekwa. Bila hali ya kuanzia kujulikana, ahadi ya kutengeneza ndani ya siku 3 ingebaki kuwa matumaini, na hakuna ambaye angeweza kusema kama imeleta nafuu au la.

Hata hivyo, kipimo hiki hakitoshi peke yake, na hesabu ndogo ya kubuni inaonyesha sababu. Skimu yenye vituo 40 ina, kwa mwezi wa siku 30, jumla ya siku 1,200 za huduma zinazotarajiwa. Ikipoteza siku 60, imetoa huduma kwa asilimia 95, kiwango ambacho taarifa yoyote ya mwaka ingekisifu. Lakini siku hizo 60 zinaweza kuwa vituo 20 vilivyokosa maji siku 3 kila kimoja, au vituo 2 vilivyokauka mwezi mzima, na vituo hivyo 2 aghalabu huwa vile vya mwisho wa bomba, katika kitongoji kisicho na diwani wala duka kubwa. Wastani huwaficha wanaoteseka zaidi. Kwa hiyo kando ya asilimia ya huduma lazima pawepo kikomo kwa kituo kilichoumia kuliko vyote, kwa mfano kwamba hakuna kituo kitakachozidi siku 7 bila maji, na pia hesabu ya kituo kilichoharibika tena kwa kosa lile lile ndani ya miezi 3, kwa maana fundi anayekimbizwa na saa anaweza kufunga bomba kwa mpira wa baiskeli na kuandika kwamba kazi imekwisha.

Idadi ya matengenezo yaliyofanywa, ambayo ofisi nyingi huipenda, haifai kuwa lengo kabisa. Kikosi kinachotengeneza mara 90 kwa mwezi kinaweza kuwa hodari, au kinaweza kuwa kimeacha matengenezo kinga, yaani kazi ya kusafisha, kupaka grisi, kubadilisha vipuri kabla havijakatika na kukagua vali, ambayo ikifanywa vizuri hupunguza idadi hiyo hiyo. Nchini Uganda shirika la Whave limejenga huduma yake juu ya wazo hili, kwa jamii kulipia pampu kutunzwa isiharibike badala ya kungoja iharibike ndipo walipie kila tengenezo, na mpangilio huo humfanya fundi apate faida pale pampu inapodumu.

Upotevu wa maji unahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu ndicho kipimo kinachojulikana zaidi katika taarifa za EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Kiwango kinachokubalika ni asilimia 20, ilhali kwa mamlaka za maji nchini zikichukuliwa pamoja upotevu umekuwa ukizunguka theluthi moja ya maji yanayozalishwa. Ndani ya takwimu hiyo moja mna mabomba yanayovuja, dira za maji zilizochakaa, maunganisho ya wizi na ankara zilizokosewa, na ni la kwanza tu ambalo liko mikononi mwa kikosi cha matengenezo. Kumwajibisha fundi kwa wizi wa maji ni kumwonea, na kumwacha ajifiche nyuma ya wizi huo ni kuuonea umma. Njia iliyo wazi ni kufunga dira katika kila kanda ya mtandao na kupima mtiririko kati ya saa 8 na saa 10 usiku, wakati matumizi ya majumbani yako chini kabisa, ili maji yanayoendelea kupita yahesabiwe kwa kiasi kikubwa kuwa ya kuvuja. Hata hivyo, katika mji wenye mgao, ambako watu huamka usiku wa manane kujaza mapipa na matenki, kipimo hicho hupotosha, na lazima kifanywe siku ambazo maji hayakatwi.

Wapo wanaopinga malengo ya namna hii kwa hoja nzito. Fundi wa skimu ya kijiji, wanasema, hana pikipiki, hana akiba ya vipuri, na hana mamlaka juu ya umeme unaokatika. Kumwekea saa ni kumhukumu kwa makosa ya wengine. Watumishi wa umma pia wanakumbuka OPRAS, mfumo wa wazi wa tathmini ya utendaji ulioanzishwa mwaka 2004, ambao katika ofisi nyingi uliishia kuwa fomu za kujazwa mwisho wa mwaka, hadi serikali ilipohamia mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS. Hoja hiyo ni ya kweli kwa nusu yake. Lengo lililoteremshwa kutoka juu bila nyenzo ni dhuluma, lakini jibu lake ni kuugawa muda wenyewe: dakika za kupokea taarifa ziwe za ofisi ya chombo cha jamii, siku za kupata kipuri ziwe za meneja na mhasibu, saa za kutengeneza ziwe za fundi, na saa ambazo umeme haukuwepo ziandikwe kando kwa jina lake, bila kufutwa katika jumla anayoiona mwananchi. Mgawanyo huo humlinda fundi kuliko ukimya, kwa kuwa unaonyesha hadharani, kwa mfano, kwamba siku 19 kati ya 21 zilipotea kusubiri sahihi ya malipo.

Kwa miji inayotegemea mto Pangani, nafasi ya kuanza vizuri ina muda wake. Mikataba ya ujenzi huwa na kipindi cha matazamio, ambapo mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro zinazojitokeza baada ya kukabidhi kazi, na hicho ndicho kipindi ambacho mfumo mpya unaweza kupimwa ukiwa katika hali yake bora: mtiririko wa usiku katika kila kanda, mipasuko kwa kila kilomita, muda kati ya taarifa na maji kurudi. Daftari la taarifa za wananchi likifunguliwa siku ya makabidhiano, na jumla yake ikabandikwa kila mwezi kwenye ubao wa ofisi ya kijiji na ya kata, takwimu za mwaka huo wa kwanza zitakuwa hali ya kuanzia kwa kila lengo litakalowekwa baadaye. Mamlaka ikingoja hadi mkandarasi aondoke, itapima mfumo ambao tayari umeanza kuchakaa, na haitakuwa na namna ya kutenganisha kasoro za ujenzi na uzembe wa utunzaji.