Jeni Iliyofungwa na Jeni Iliyo Wazi

Mwanafunzi wa kidato cha sita aghalabu aweza kukariri bila kusita kwamba DNA hunakiliwa kuwa RNA, na RNA hufasiriwa kuwa protini. Akiulizwa, hata hivyo, kwa nini seli za jicho lake hazitengenezi nyongo, ilhali zina jeni zile zile zilizomo katika seli za ini, hunyamaza. Kosa si lake. Amefundishwa jinsi nakala inavyoandikwa. Hakufundishwa nini huamua iandikwe lini na wapi. Nusu hii ya pili ya somo ndiyo yenye uzito zaidi, nayo ndiyo inayoachwa hadi siku za mwisho za muhula, au isifundishwe kabisa.

Kwa msomaji ambaye jambo hili ni geni, ofisi ya serikali yatosha kuwa mfano. Faili hukaa masjala, wala halitoki. Mwenye kuhitaji habari iliyomo hupewa nakala ya ukurasa mmoja, huitumia, kisha huichana. DNA ndiyo faili, RNA ndiyo nakala, na karani anayenakili ni kimeng'enya kiitwacho RNA polimerasi, ambacho katika bakteria huandika herufi zipatazo 40 au zaidi kwa sekunde moja. Herufi za DNA ni nne, yaani A, T, G na C. Katika RNA, U hushika mahali pa T. Binadamu ana jeni zipatazo 20,000 zenye maagizo ya kutengeneza protini. Lau karani angezinakili zote, saa zote, katika kila seli, kusingekuwa na jicho wala ini.

Kanuni za masjala hiyo zilianza kufahamika kwa kumchunguza kiumbe mdogo sana, bakteria aitwaye Escherichia coli, akaaye matumboni mwetu. Jacques Monod, akifanya utafiti mjini Paris wakati wa Vita Kuu ya Pili, aliona kwamba bakteria hawa wakipewa glukosi pamoja na laktosi, ambayo ni sukari ya maziwa, huila glukosi kwanza mpaka iishe, hutua kidogo, kisha ndipo huianza laktosi. Kutua huko kulimshughulisha kwa miaka mingi. Mwaka 1961 yeye na François Jacob walitoa maelezo yao. Kuna protini, ambayo tunaweza kuiita kizuizi, inayoishika DNA mahali pa kuanzia kunakili na kumfungia karani njia. Laktosi ikiingia katika seli, sehemu yake hugeuzwa kidogo, nayo hujishikiza kwenye kizuizi. Umbo la kizuizi hubadilika, kikaachia, na njia ikafunguka. Lakini hata hapo karani hafanyi kazi kwa bidii iwapo glukosi ingalipo, kwa kuwa protini nyingine inayomsaidia kushika mahali pake hufanya kazi wakati glukosi inapoadimika. Basi jeni hufunguka kikamilifu pale tu laktosi ipo na glukosi haipo, na kiasi cha kimeng'enya cha kuivunja laktosi chaweza kuongezeka mara 1,000 hivi.

Inafaa kutaja, kwa kuwa vitabu vya kiada havitaji, kwamba wataalamu hao hawakuwa wamekiona kizuizi. Walikifikia kwa hoja tu, wakiwatazama bakteria wenye hitilafu ambao walitengeneza kimeng'enya hata pasipo laktosi. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1965 pamoja na André Lwoff. Kizuizi chenyewe kilitengwa mwaka 1966 huko Marekani na Walter Gilbert na Benno Müller-Hill. Mwanafunzi aliyezoea kuambiwa kwamba sayansi ni kutazama na kuandika angefaidika sana kuijua habari hiyo.

Sasa tuyafuate maziwa hadi kwa binadamu. Mtoto mchanga hutengeneza laktasi katika utumbo mwembamba, nayo humsaga laktosi ya maziwa ya mama yake. Baada ya kuachishwa ziwa, katika watu wengi jeni ya laktasi hunakiliwa kidogo zaidi na zaidi kadiri miaka inavyopita. Jeni haikupotea wala haikuharibika, imefungwa. Takriban theluthi mbili za watu wazima duniani wako katika hali hii. Wanywapo maziwa mengi, laktosi hufika katika utumbo mpana bila kusagwa, bakteria wa huko huichachusha, na tumbo hujaa gesi na kunguruma, pengine likaendesha. Vitabu vya tiba vilivyoandikwa Ulaya na Marekani viliita hali hiyo upungufu, kana kwamba mzungu wa kaskazini ndiye kipimo cha wanadamu wote.

Mwaka 2002 uchunguzi wa familia za Finland ulionyesha herufi moja ya DNA inayoambatana na uwezo wa kusaga maziwa utu uzimani. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walitangaza matokeo ya kuwapima watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan. Waafrika hao hawakuwa na herufi ya Ulaya. Walikuwa na mabadiliko yao wenyewe, na lile lililoenea Tanzania na Kenya lilikisiwa kutokea kati ya miaka 3,000 na 7,000 iliyopita, katika zama za kuenea kwa ufugaji. Jambo la kuzingatia ni mahali pa mabadiliko hayo. Hayamo katika jeni ya laktasi hata kidogo. Yako umbali wa herufi 14,000 hivi kabla yake, ndani ya jeni jirani, na kazi yake ni kuzidisha unakili. Maagizo ni yale yale. Kilichobadilika ni ruhusa ya kuyasoma.

Watasema wengine kwamba muhtasari wa masomo ni mrefu na maabara ni haba. Ni kweli, lakini somo hili halidai darubini wala kemikali za fedha nyingi, na nafasi yake yaweza kupatikana kwa kupunguza ukariri wa majina ambayo mwanafunzi huyasahau siku ya pili ya mtihani. Hasara ya kuliacha ni kubwa zaidi. Kijana anayeumwa tumbo kila anywapo maziwa ya shule huambiwa ni mdhaifu, au ana jeni mbaya. Na mwalimu asiyejua udhibiti wa jeni hana jibu la kumpa, ingawa jibu lipo, pamoja na ushauri wa kujaribu mtindi, ambao sehemu ya laktosi yake imekwisha kuliwa na bakteria.

Mtahini angeweza kuanza na swali hili: ndama akiachishwa ziwa, jeni yake ya laktasi huenda wapi?