Mashine ya CNC haijui kunyoosha ubao

Swali ambalo vijana wa Kitui na Makueni wanaopenda kompyuta huniuliza mara nyingi siku hizi ni hili: nikitaka kuanza karakana ndogo ya fanicha, niagize mashine gani ya CNC? Jibu langu ni fupi na mara nyingi haliwafurahishi: usiagize bado. Anza na ubao.

Najua wengine mtasema huyu mwandika programu anaogopa mashine. La hasha. Naipenda sana, na ndiyo sababu sitaki kuiona imefunikwa turubai nyuma ya duka huku mwenyewe akilipa mkopo. Basi tuelewane kwanza ni mashine gani tunayozungumzia.

CNC ya mbao ni meza kubwa yenye mota inayozungusha biti ya kukatia. Mota nyingine huisogeza biti hiyo mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1952 chuo cha MIT kule Marekani kilionyesha mashine ya kukata chuma iliyoongozwa na utepe uliotobolewa matundu. Leo utepe umekuwa faili. Unachora kiti kwenye kompyuta, programu inageuza mchoro kuwa maagizo, mfano G1 X300 Y120 F2000. Maana yake: nenda kwa mstari ulionyooka hadi milimita 300 upande huu na 120 upande ule, kwa mwendo wa milimita 2,000 kwa dakika. Sisi tunaoandika programu tukiona hivyo tunajisikia nyumbani.

Lakini soma tena agizo hilo. Halisemi lolote kuhusu ubao. Mashine inaamini tu kwamba kilicho mezani ni bapa, kimekauka, na kina unene ule ule uliouandika kwenye mchoro. Fundi wa jua kali akikuta ubao umepinda anaugeuza, anaupiga randa, anaukata mahali palipo pazuri. Mashine haina macho hayo. Programu ikipewa data mbovu haitoi jibu zuri, na mashine hii ni programu yenye meno.

Ndiyo maana duniani kote karakana za namna hii hupenda plaiwudi. Karatasi ya milimita 2440 kwa 1220 inatoka kiwandani ikiwa bapa. Kampuni ya Opendesk ya London ilijulikana kwa kusambaza michoro ya meza na viti kwenye intaneti ili ikatwe na karakana iliyo karibu na mteja, na michoro mingi ilikuwa ya plaiwudi. Wazo zuri. (Ukipakua mchoro wa mtu, soma leseni yake kwanza. Mingi inaruhusu matumizi ya nyumbani tu, si biashara.)

Sasa tufanye hesabu ya Wote. Unanunua plaiwudi Nairobi, unailipia gari hadi Wote, unaikata, halafu unataka kushindana na mtu wa Nairobi mwenye mashine kama yako, ambaye duka la plaiwudi liko mtaa wa pili na wateja wako mtaa wa tatu. Utamshinda kwa lipi? Kwa mchoro? Mchoro unanakiliwa kwa dakika moja.

Kitu ambacho Ukambani unacho na Nairobi haina ni mti. Namaanisha mukau. Mti huu ni wa nchi kavu za Afrika Mashariki, unastahimili ukame, mchwa hawaupendi, na mbao zake hulinganishwa na mahogani. Kwa miaka mingi tatizo lilikuwa mbegu, kwa sababu imefungwa ndani ya kokwa gumu na haioti kwa urahisi. Kituo cha KEFRI cha Kitui kilishughulikia hilo kwa muda mrefu, na kuanzia mwaka 2012 kilishirikiana na Wajapani kupitia JICA katika mradi wa kuboresha miti inayostahimili ukame. Mashamba ya mbegu bora za mukau yakapandwa Tiva, Kitui, na Kibwezi, Makueni.

Mukau huwa tayari kuvunwa baada ya miaka 10 hadi 15 hivi. Piga hesabu. Mkulima aliyepanda miaka ile mradi ulipoanza ana miti inayofikia umri wa kukatwa sasa hivi. Itakwenda wapi? Itapakiwa magogo kwenye lori kwenda Nairobi, itachomwa makaa, au itatoka Kitui na Makueni ikiwa madawati, vitanda na meza? Hilo ndilo swali kubwa, na mashine unayoiwazia ni sehemu ndogo tu ya jibu lake.

Mbao za mukau si plaiwudi. Ni nyembamba, kila moja na upana wake, na zikiwa mbichi hujikunja. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kwa ubao ni kinyume: usiuguse mpaka ukauke. Na hapa hali ya hewa ya Ukambani, ile tunayoilalamikia kila mwaka, inakuwa mali. Panga mbao kivulini, chini ya paa, ukiweka vijiti kati ya safu na safu ili upepo upite. Paka rangi ncha zake zisipasuke. Chagua kipande kimoja, kipime kwenye mizani kila wiki. Uzito ukiacha kupungua, ubao umekauka kadiri hewa ya pale inavyoweza kuukausha. Hakuna kompyuta hapo, na ndiyo kazi inayoamua kama biashara itasimama.

Wanaodhani kukata ndiko kunakochelewesha kazi, wafuate hesabu hii. Tuseme dawati moja lina mita 20 za mistari ya kukata, ubao ni wa milimita 18 na biti inashuka milimita 6 kwa kila mzunguko. Mizunguko ni mitatu, kwa hiyo biti inatembea mita 60. Kwa mwendo wa mita 2 kwa dakika, hiyo ni nusu saa. Toa nusu ya siku ya saa 8 kwa kupanga na kubadilisha mbao, unabaki na madawati 8 kwa siku, yaani 200 kwa mwezi wa siku 25. Kama kila dawati linakula mita 1.5 za mraba, unahitaji mita 300 za mraba za ubao mkavu, bapa, uliopigwa randa na kuunganishwa kwa gundi, kila mwezi. Je, unazo? Je, una wateja wa madawati 200? Kama huna, umenunua gari la mbio ulipeleke sokoni mara moja kwa wiki.

Basi afanyeje mtu mwenye mtaji mdogo? Nasema hivi: nunua usahihi, usinunue mashine.

1. Chora bidhaa moja tu. FreeCAD ni programu ya bure na inatosha. Usiandike 18 kila mahali kwenye mchoro. Weka unene mahali pamoja, kisha pima ubao wako kwa kalipa na ubadilishe nambari hiyo moja. Hata plaiwudi inayoitwa ya 18 mara nyingi hupungua kidogo, na mfereji wa 18 utaifanya icheze.

2. Peleka faili Nairobi kwenye karakana inayokata kwa malipo, wakukatie vigezo vya MDF: kimoja cha mguu, kimoja cha ubavu, kimoja cha mifereji. Unalipa mara moja, unarudi navyo kwenye basi.

3. Nunua ruta ya mkono (si ile ya intaneti) na biti yenye beringi. Beringi inafuata ukingo wa kigezo, biti inakata ubao sawasawa na mchoro. Dawati la mia litafanana na la kwanza, na jenereta ndogo inatosha umeme ukipotea.

4. Fedha zilizobaki ziweke kwenye mbao, banda la kukaushia, mashine ya randa na jiliwa za kutosha. Anza kukausha mbao za mwakani leo.

5. Kumbuka kwamba mbao halisi hutanuka na kusinyaa kwa upana wake. Meza iliyokaushwa Kitui itatanuka ikifika Mombasa. Michoro ya plaiwudi haiachi nafasi ya jambo hilo, kwa hiyo usiinakili kichwa kichwa.

Kuna watakaonipinga. Wa kwanza ni fundi wa zamani anayesema mambo haya ya kompyuta yatamnyima kazi. Ndugu fundi, angalia kona ya ndani ya kitu kilichokatwa na biti: daima ni ya mviringo, kwa sababu biti ni ya mviringo. Mwenye kuichonga iwe ya mraba kwa patasi ni wewe. Anayejua ubao upi uende juu na upi ufichwe ni wewe. Anayepaswa kuwa na wasiwasi ni yule fundi anayepima kila dawati upya kwa futi kamba.

Wa pili ni kijana anayesema tukisubiri tutaachwa nyuma. Huyu namkumbusha historia ya kwao. Mutisya Munge wa Wamunyu, upande wa Machakos, alikwenda Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akarudi na ujuzi wa kuchonga. Kutokana na ujuzi huo ilikua biashara ya vinyago vya Wakamba iliyofika mpaka Changamwe na masoko ya ng'ambo. Na ni nini kilichoisumbua baadaye? Si ukosefu wa patasi. Mpingo na muhugu viliadimika, wachongaji wakahamia mwarobaini, mjakaranda na mwembe. Mti ndio uliotangulia kuisha.

Wa tatu atauliza: na soko? Hilo ni swali la haki. Mwezi Mei 2020, katika mpango wa kufufua uchumi wakati wa Corona, serikali ya Kenya ilitangaza ununuzi wa madawati 250,000 yaliyotengenezwa nchini. Tangu mwaka 2013 kuna pia utaratibu wa kutenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Nafasi kama hizo zikija, anayefaidika ni mwenye vitu vitatu: sampuli iliyo tayari, bei anayoijua mpaka senti ya mwisho, na mbao kavu bandani. Asiye na mbao kavu atapeleka madawati ya mbao mbichi, na baada ya muhula mmoja miguu itakuwa inacheza.

Kitui waliwahi kuonyesha jambo hili kwa nguo. Kiwanda cha KICOTEC, kilichofunguliwa na kaunti mwaka 2018, kilishona sare, na mwaka 2020 kikageukia barakoa. Kiliweza kugeuka haraka kwa sababu cherehani, washonaji na vitambaa vilikuwepo. Kilichobadilika ni kigezo cha kukatia. Kaunti za Kitui na Makueni zikitaka kusaidia vijana wa fanicha, zisigawe CNC moja moja kwa vikundi. Zijenge banda la kukaushia na mashine kubwa ya randa katika chuo cha ufundi, ambapo fundi yeyote analeta mbao zake na kulipia. CNC ikae hapo hapo, ihudumie karakana ishirini badala ya moja. Barabara ya lami kutoka Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui ipo, mbao za kaunti zote mbili zinaweza kukutana.

Siku ya kununua mashine yako mwenyewe itafika. Utaijua: vigezo vimechakaa, ruta ya mkono haipumziki, na oda zinakuchelewesha wiki tatu. Ukifika hapo, ulizia kwanza umeme wa karakana yako, kwa sababu stima ikikatika biti ikiwa ndani ya ubao, mashine inapoteza mahali ilipo na ubao huo mara nyingi umekwisha. Michoro yako utakuwa nayo tayari, ile ile iliyokata vigezo.

Mwenye hesabu tofauti na hii ailete tuipige pamoja. Ila kabla ya kunitumia picha ya mashine uliyoiona mtandaoni, niambie kwanza mbao zako zimekaa kivulini miezi mingapi.