Muchanga wa rangi, tusiumwage mu nyumba hivi hivi

Kuna mutu atasoma kichwa hiki na kucheka. Atasema: muji muzima unatafuta maji na makuta, benki zilifungwa mu Januari 2025, na hawa wa sendika ya wachimbaji wanatuandikia juu ya muchanga wa samaki wa saloni! Tunamuelewa. Lakini muchanga ndiyo kazi yetu. Tumeupasua, tumeuosha, tumeuvuta puani, na kuko wenzetu wanaokohoa paka leo kwa sababu yake. Kama kuna kitu moja tunajua kuliko watu wa butike, ni hicho.

Jambo lilianza kwa mwenzetu mumoja. Alishuka kutoka mashimoni, akatengenezea watoto wake akwariumu, maana yake sanduku ya kioo ya kufugia samaki, na akatia samaki wawili wadogo wa ziwa. Watoto wakataka chini kuwe bulu. Akaenda sokoni, akapata sashe ya ule muchanga wa rangi ambao watoto wanachezea na kubandika kwenye karatasi. Juu ya sashe hakuna jina la aliyeutengeneza, hakuna inchi ulikotoka, hakuna neno hata moja. Akaumwaga mukavu. Vumbi likapanda sawa moshi, na watoto wameinamisha vichwa pale pale wakifurahi.

Siku mbili nyuma, maji yakakuwa bulu kama beseni ya kufulia kitenge kipya. Samaki mumoja akafa. Hatuwezi kuapa ya kwamba ni muchanga ulimuua. Pengine ni klore, juu alitia maji ya bomba bila kuyaacha yakae wazi siku moja. Lakini alipokuja kutueleza, sisi hatukuuliza samaki. Tuliuliza: na lile vumbi, nani alilivuta?

Mu Novemba 2025, kule Australia na New Zealand, muchanga wa rangi wa watoto uliondolewa mu maduka. Ulitoka Uchina, na walipoupima wakakuta ndani alama za amiyanti, ile ambayo ndugu zetu wa Tanzania wanaita asbesto. Mu eneo la Canberra makumi ya mashule yalifungwa ili yasafishwe. Australia ilikataza amiyanti kabisa tangu mwisho wa 2003, na bado iliingia, ndani ya vifuko vya kuchezea. Wakubwa wa kule walisema hatari ni ndogo, juu nyuzi hazikuonekana kuruka hewani. Hatuwabishi. Hata hivyo waliuondoa.

Mutu wa mashimo hashangai. Amiyanti haitengenezwi na mutu, ni jiwe. Aina moja yake, tremolite, inazaliwa ndani ya mawe ya ukoo wa marumaru, na muchanga wa rangi mara mingi ni jiwe jeupe lililosagwa kisha likapakwa rangi. Ukichukua jiwe bila kulipima, unasaga pamoja na kila kitu kilicholala ndani yake.

Na hata pasipo amiyanti, kuko silika. Muchanga mweupe wa kawaida ni kwartzi. Chembe kubwa haina shida, puani haipiti mbali. Ubaya uko mu unga, ule mudogo ambao jicho halioni. Unateremka paka chini ya mapafu, unabaki pale, na mapafu yanafanya makovu. Ndiyo ugonjwa wa silikozi, na mutu anayechoronga mwamba bila maji anaujua hata kama hajui jina lake. Tangu 1997 wataalamu wa dunia wa kansa waliandika vumbi hilo kati ya vitu vinavyoleta kansa. Hatutishi wazazi: mutoto aliyecheza na muchanga siku moja hawezi kulinganishwa na muchimbaji wa miaka makumi mawili. Lakini mbona tuanze kumuhesabia mutoto?

Kwa hiyo watu wanauliza swali nusu. Wanauliza kama muchanga huu ni muzuri kwa samaki. Samaki yuko chini ya maji, na vumbi likilowa halipandi tena. Anayeko mu hatari ya vumbi ni yule anayefungua sashe, anayemwaga na baadaye anafagia. Shida ya samaki ni ingine: rangi, chokaa, na makali ya chembe. Rangi ya muchanga wa kuchezea haikutengenezwa kukaa mu maji miezi. Ule uliofanywa kwa ajili ya akwariumu unafunikwa na ngozi ngumu ya plastiki ili usitoe kitu. Kwa macho inafanana, na mu butike zetu hakuna atakayekutofautishia.

Ukishaununua na roho inakuuma kuutupa, sisi tungefanya hivi. Tia maji ndani ya sashe mbele ya kuimwaga. Weka kiasi mu beseni nyeupe yenye maji ya vuguvugu, acha siku mbili ao tatu. Maji yakishika rangi, mambo imekwisha. Kisha chukua kijiko kimoja, mwagia siki kali. Ukiona mapovu, iko chokaa, na chokaa inageuza maji. Kwa samaki wa Kivu ao wa Tanganyika haiwasumbui sana, juu maji ya maziwa hayo tayari ni ya namna hiyo, lakini samaki wa kununua kutoka mbali wengine hawataiweza. Mwisho, sugua chembe kati ya vidole. Ikichoma, usimuwekee kambare. Yeye anatafuta chakula na ndevu zake chini, na ndevu zitachubuka.

Amiyanti lakini, wandugu, haina kipimo cha beseni. Ni darubini ya maabara tu. Mutu akikuambia anaitambua kwa macho, anakudanganya.

Wengine watasema: basi tuchukue wa hapa hapa, ni wa bure. Iko muchanga na muchanga. Lava ya Nyiragongo ina silika kidogo sana, ndiyo maana mu 1977, 2002 na 2021 ilikimbia namna ile, na kwartzi haimo. Ukichekecha ule mweusi, ukauosha mara kumi, na ukachagua chembe zilizokwisha kuviringika kando ya ziwa, samaki atakaa vizuri. Ila ule unaobaki kwenye mashimo tusiulete nyumbani. Muchanga muzito wa koltani, kama ule wa Rubaya, unabeba uraniumu na toriumu kidogo ndani. Na ule wa kuoshea zahabu unaweza kuwa na zebaki, ambayo samaki anaikusanya mwilini. Tumeona watoto wakiuchezea kando ya mashimo. Hapo ndipo kucheka kunaisha.

Sasa tuseme wazi tunachotaka. Mu inchi hii, tangu 1974 kuko OCC, ofisi ya kuangalia mali inayoingia. Bidhaa ya watoto ipimwe, kwa ofisi hiyo ao kwa yeyote anayekusanya ushuru mupakani leo: anayechukua ushuru wa muzigo achukue na kazi ya kuujua. Mwenye butike aweke jina la mutengenezaji na inchi, kwa Kiswahili ao Kifaransa, ao asiuze. Sisi mu mashimo tunadai barakoa na maji ya kulowesha mwamba, na wanatuambia ni anasa. Tunajua basi ginsi mutu anajibiwa akiuliza habari ya vumbi. Lakini muzazi akiuliza kwenye kaunta, na wa pili, na wa tatu, muuzaji ataanza naye kumuuliza yule aliyemuletea.

Mwenzetu hakuufagia ule muchanga wake. Aliulowesha, akautia mu sashe mbili, moja ndani ya ingine, akafunga. Iko bado nyuma ya nyumba yake, juu hakuna aliyeweza kumuonyesha mahali pa kuupeleka. Mu akwariumu ametia wa ziwa, mweusi. Watoto walikasirika siku moja.