Watoto wa Buhemba Wapewe Maji Kabla ya Sukari

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Halmashauri ya Wilaya ya Butiama,
Mkoa wa Mara.

YAH: VINYWAJI VYENYE SUKARI KATIKA SHULE ZA BUHEMBA

Ndugu Mkurugenzi,

Ninaomba halmashauri izuie uuzaji wa soda, juisi za unga na vinywaji vya kuongeza nguvu ndani ya shule za Buhemba, na kabla ya zuio hilo kuanza, kila shule iwe na maji ya kunywa yaliyopimwa. Maombi haya mawili ni kitu kimoja, kwa sababu mtoto mwenye kiu hazuiliki kwa tangazo la ubaoni. Uwezo mnao: Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inaruhusu baraza la madiwani kutunga sheria ndogo.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nishati ambayo mtu anaipata kwa siku, na kwamba ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima, hiyo asilimia 5 ni takriban gramu 25, yaani vijiko sita vya chai. Chupa moja ya kola ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 35. Mtoto anayehitaji nishati kidogo kuliko mtu mzima anakipita kiwango hicho kwa chupa moja, kabla hatujahesabu chai ya asubuhi na andazi. Matokeo yake ni meno kuoza, uzito kupita kiasi na, miaka ikisonga, kisukari. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kisukari kwa karibu asilimia 9 ya watu wa miaka 25 hadi 64. Ugonjwa huu ukishaingia, dawa, vipimo na nauli za kwenda Musoma huwa gharama ya kudumu kwa familia.

Buhemba ina sababu yake ya pekee ya kuanza na maji. Hapa ni eneo la dhahabu, na penye makarasha ya kusaga mawe na mialo ya kuoshea dhahabu, mahali ambapo zebaki hutumika kuikamata dhahabu hiyo, mzazi ana haki ya kuuliza kisima cha shule kina nini. Pasipo na jibu, chupa iliyofungwa kiwandani huonekana salama kuliko maji ya bomba au kisima. Ndiyo maana naomba halmashauri ishirikiane na RUWASA, wakala wa maji vijijini, kupima maji ya kila shule na kubandika majibu mahali wazazi watakapoyasoma.

Watakuwepo watakaosema sukari huwapa watoto nguvu. Ni kweli inatoa nishati, lakini haileti protini, madini wala vitamini. Uji wa mtama au ulezi uliotiwa karanga unaipa njaa jibu lililo kamili zaidi, na nafaka hizo zinalimwa hapa hapa Mara. Wengine watawatetea akina mama wenye vibanda, na hoja yao ni nzito. Kwa hiyo wapewe muhula mzima wa kujiandaa, kisha waruhusiwe kuuza ndizi, maembe, karanga, mihogo ya kuchemsha na maziwa. Fedha ya mtoto itabaki mikononi mwao. Kitakachobadilika ni bidhaa. Wapo pia watakaopendekeza vinywaji vyenye vitamu bandia. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri visitumike kama njia ya kudhibiti uzito, na zaidi ya hapo vinamzoesha mtoto utamu mkali uleule, hata maji na matunda yakaonekana hayana ladha.

Hakuna anayetaka kuingia jikoni mwa watu na kuwapimia sukari. Mtu mzima ataamua mwenyewe. Shule, hata hivyo, ni mali ya umma, na mtoto akiwa humo yuko chini ya ulinzi wetu sote. Ninakuomba uwasilishe suala hili kwenye kikao kijacho cha baraza la madiwani, upimaji wa maji uanze kwanza, na vikao vya halmashauri vyenyewe vitoe mfano kwa kuweka maji mezani badala ya soda.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwananchi wa Buhemba